Kazi ya Kuwatunza Wazee: Pa Kuanzia

Kumtunza mzee si huruma pekee, ni ujuzi. Mzee asiyeweza kujigeuza kitandani hugeuzwa takriban kila baada ya saa mbili. Asipogeuzwa, ngozi ya nyonga na visigino huchubuka, na kidonda chaweza kufika mfupani na kuhatarisha uhai wake. Hulishwa akiwa ameketi wima, asije akapaliwa. Kijana anayeyatenda haya nyumbani kwa babu yake amekwisha kuanza kazi, ingawa hana cheti.

Cheti nacho hutafutwa: Taasisi ya Ustawi wa Jamii, Dar es Salaam, hufundisha kuanzia ngazi ya astashahada. Kabla ya kuomba, amwone Afisa Ustawi wa Jamii, amuulize pia nafasi za kujitolea. Aende na vyeti vya shule na barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji.