Tashkent: Mji Uliobadili Herufi

SOMO LA KUSOMA NA KUFIKIRI



Leo tunasafiri. Usitafute nauli wala usifunge mzigo. Chukua gazeti lako, kaa kivulini, twende.

Tunakwenda Tashkent. Huu ndio mji mkuu wa nchi ya Uzbekistan, katikati ya bara la Asia. Nchi hiyo iko mbali sana na bahari. Mtu wa huko akitaka kufika pwani, lazima avuke nchi mbili au zaidi. Zamani ilikuwa ndani ya Umoja wa Kisovieti. Mwaka 1991 ikajitawala.

Saa zao ziko mbele ya zetu kwa saa mbili. Kwetu ikiwa saa 2 asubuhi, kule ni saa 4. Wakati wa joto, jua ni kali, hata nyuzi 40. Wakati wa baridi maji huganda yakawa barafu. Basi msafiri mwenye busara huuliza kwanza: nakwenda mwezi gani?

MJI ULIOJENGWA UPYA

Maana ya jina Tashkent ni "mji wa mawe". Lakini zamani nyumba zake nyingi zilikuwa za udongo. Tarehe 26 Aprili 1966, saa 11 na dakika 23 alfajiri, watu wangali wamelala, ardhi ilitetemeka. Tetemeko lilianzia chini ya mji wenyewe. Nyumba nyingi zilianguka. Watu zaidi ya 200,000 walikosa pa kulala.

Mafundi walitoka kila pembe ya Umoja wa Kisovieti, wakajenga mji upya. Ndiyo maana mgeni huona barabara pana, miti mingi na nyumba za ghorofa. Ipo pia sanamu ya mwanamume, mwanamke na mtoto. Mbele yao kuna jiwe lililopasuka, lenye sura ya saa. Saa hiyo haitembei. Inaonyesha wakati ule wa tetemeko.

Mwaka 1977 walifungua treni inayopita chini ya ardhi. Stesheni zake zimepambwa kama majumba ya kifalme. Stesheni moja inaitwa Pakhtakor, maana yake mkulima wa pamba. Ukutani mna picha za pamba, zimetengenezwa kwa vipande vidogo vya rangi. Je, wewe unalima pamba? Basi kule mkulima mwenzako amepewa stesheni nzima.

SOKONI

Haya, tuingie soko la Chorsu. Utalijua kwa paa lake kubwa la mviringo, la rangi ya buluu. Utakuta matunda makavu, viungo, nyama na mikate. Mkate wao huitwa non. Ni wa duara, huokwa katika tanuri la udongo, na katikati umepigwa muhuri wa nakshi. Shika adabu: usiuweke mkate kifudifudi. Kwao ni kuukosea heshima.

Chakula chao kikubwa ni plov, yaani wali uliopikwa pamoja na nyama, karoti na mafuta. Unacheka? Ndiyo, ni ndugu yake pilau yetu, hata kwa jina.

Ukikaribishwa chai, mwenyeji atakumiminia kidogo tu katika kibakuli. Usidhani ni mchoyo. Akikujazia kidogo, maana yake anataka uombe tena, uzidi kukaa. Ukishukuru, weka mkono wa kulia kifuani, useme: "Rahmat." Yaani asante.

MANENO TUNAYOYAJUA

Soma maneno haya ya Kiuzbeki kwa sauti:

kitob – kitabu
daftar – daftari
qalam – kalamu
soat – saa
dunyo – dunia
choy – chai

Umeona? Hatujawahi kukutana nao, lakini maneno tunayo pamoja. Mengi yametoka katika Kiarabu. Yalisafiri na wafanyabiashara na walimu wa dini, mengine yakafika kwao, mengine yakafika kwetu.

HERUFI ZILIZOBADILIKA

Sasa tufike penye kiini cha somo letu.

Umeshuka sokoni, una njaa. Mlangoni pa duka pameandikwa: HOH. Wewe unajua kusoma, unasoma "hoh". Huelewi, unapita. Kumbe umepita duka la mkate! Hizo ni herufi za namna ya Kirusi. Kwao ile inayofanana na H yetu husomwa N. Basi HOH ni NON. Duka la pili limeandikwa NON kwa herufi kama zetu. Mji mmoja, neno moja, herufi za namna mbili.

Imekuwaje? Zamani Waozbeki waliandika kwa herufi za Kiarabu, kama wazee wetu wa pwani walivyoandika Kiswahili. Mnamo mwaka 1929 serikali ikaleta herufi za Kilatini, yaani za namna hii unayosoma sasa. Mwaka 1940 ikaziondoa, ikaleta za namna ya Kirusi. Baada ya uhuru, mwaka 1993, sheria ikarudisha za Kilatini. Lakini zile za Kirusi hazijaisha. Wazee wengi ndizo walizozizoea.

Tufikirie mtu aliyezaliwa mwaka 1915. Alisoma chuoni utotoni kwa herufi za Kiarabu. Alipofika miaka 14, akaambiwa: anza upya. Alipofika miaka 25, akaambiwa: anza upya tena. Barua za baba yake, mwanawe hakuweza kuzisoma. Naye kila alipoanza upya, alikuwa kama mtu asiyepata kwenda shule.

Je, mtu huyo alikuwa mjinga? Hata kidogo! Akili yake ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni alama tu.

Ndugu mwanakisomo, wako watu huona haya kwa kuwa walijifunza kusoma ukubwani. Haya ya nini? Kule Tashkent watu wengi, wenye vyeo na wasio na vyeo, walijifunza herufi upya ukubwani. Herufi ni kama jembe. Asiyezaliwa nalo mkononi hufundishwa kulishika. Lakini jembe lisipotumika hushika kutu. Basi soma kila siku, hata kurasa moja. Na jirani asiyejua, mkaribishe.

MASWALI

1. Tetemeko la Tashkent lilitokea mwaka gani? Kwa nini nyumba nyingi zilianguka?
2. Kwa nini mwenyeji humiminia mgeni chai kidogo?
3. Mtu aliyezaliwa mwaka 1915 alikuwa na miaka mingapi mwaka 1993?
4. Jadilianeni: serikali ikibadili herufi, nani anapata hasara, na nani anapata faida?

ZOEZI: Mwandikie barua fupi mtu wa ukoo wako aliye mbali. Itie sahihi kwa mkono wako mwenyewe.