Ayurveda na Ugonjwa wa Kurithi wa Mapafu
Sistiki faibrosisi ni ugonjwa wa kurithi unaofanya ute wa mapafu na wa kongosho uwe mzito na wenye kunata. Mtoto huupata aliporithi jeni yenye kasoro kutoka kwa baba na kwa mama pia. Jeni hiyo ilitambuliwa mwaka 1989.

Ayurveda, tiba ya jadi ya India, huitazama hali hii kuwa ni kuzidi kwa kapha, nguvu inayotawala balghamu mwilini. Hivyo tabibu huweza kushauri tangawizi na pilipili manga. Maelezo hayo yanaafiki dalili, lakini mitishamba hairekebishi jeni.

Tunamsihi mzazi asimwachishe mtoto viuavijasumu, vimeng'enya vya kusaga chakula wala mazoezi ya kutoa makohozi kwa sababu ya chupa iliyoandikwa "asilia". Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2004 nchini Marekani ulikuta risasi, zebaki au aseniki katika dawa 14 kati ya 70 za Ayurveda zilizouzwa eneo la Boston.

Kabla ya kununua, mlaji aulize namba ya usajili, asome viambato, na amwoneshe daktari chupa yenyewe.