Dondoo muhimu: Mashine ndogo ya kuchonga kwa leza na kisu

Mashine za bei nafuu za aina ya 3018 huchonga kwa kisu kinachozunguka au kwa leza ya buluu. Kwa usalama wa mtumiaji, huzingatiwa haya:

• Macho: Huvaliwa miwani maalumu ya kuzuia mwanga wa nanomita 445 hadi 450. Miwani ya jua haifai.

• Hewa: Moshi hutolewa nje kwa feni na bomba. Plastiki ya PVC haichomwi kamwe, kwani hutoa gesi ya kloridi ya hidrojeni inayounguza mapafu na kutia chuma kutu.

• Mikono: Ubao hubanwa imara kwa vibano. Glavu huvuliwa kabla ya kisu kuzunguka, kwa sababu hunaswa.

• Moto: Swichi ya dharura na kizimamoto huwekwa karibu, na mashine inayofanya kazi haiachwi bila mwangalizi.