Giaboksi Haijafa: Somo la Kuchunguza Gari Kuukuu la Otomatiki

Wahenga walinena kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Ni kweli, lakini si kila wingu hushusha mvua. Mnamo Agosti 2023, nikiwa likizoni, nusura baba atumie karo yangu ya mwaka mzima kununua giaboksi ambayo hatukuihitaji. Tuliponea kwa sababu ya mzee mmoja aliyejua kupima kabla ya kuhukumu. Mafunzo yake ndiyo ninayowaletea hapa. Maneno ya gereji nimeyaacha yalivyo, maana ndiyo mafundi wanayoyatumia.

Kwanza kisa chenyewe. Baba hubeba mboga kutoka Wundanyi hadi soko la Voi kwa Toyota Corolla ya mwaka 1997, gari la otomatiki. Anayeijua barabara ya kupanda kutoka Mwatate anajua ni kona juu ya kona. Siku moja tukirudi, gari lilianza vituko. Baba akikanyaga mafuta injini inanguruma, lakini gari halisongi. Tukiingia kona kali linaachia kabisa, halafu linashika kwa kishindo. Asubuhi kukiwa na baridi, ukitia D unahesabu moja, mbili, tatu, ndipo linaitikia.

Tulilipeleka kwa fundi mmoja. Alizima injini, akachomoa kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi, akakitazama mara moja tu. "Mafuta yamejaa," akasema. "Hii giaboksi imekufa, mzee. Tafuta ingine."

Giaboksi ya mtumba pamoja na kazi, shilingi 40,000. Baba hakusema neno njia nzima. Tulipofika nyumbani aliniambia tu, "Mwanangu, tutaona." Nilijua maana yake. Pesa zilizokuwa nyumbani ni zile za karo, na bila gari hakuna mboga sokoni, na bila mboga hakuna karo nyingine.

Jirani ndiye aliyetuelekeza kwa fundi mzee pale Mwatate. Baba alimwomba aitazame kabla hatujaitoa. Mzee alinikabidhi tochi, akaniambia, "Kijana, shika hapa. Utajifunza kitu."

GIABOKSI YA OTOMATIKI HUFANYAJE KAZI?

Gari la gia za mkono lina klachi inayokanyagwa na dereva. La otomatiki halina pedali hiyo. Kati ya injini na giaboksi kuna chombo cha duara kinachoitwa konvata, nacho kimejaa mafuta. Injini huyazungusha mafuta hayo, nayo mafuta huzungusha giaboksi. Ndani ya giaboksi mna pampu inayovuta mafuta kutoka kwenye sinia la chini na kuyasukuma kwa nguvu hadi kwenye sahani za klachi. Nguvu hiyo ikizibana sahani, gia inashika. Ikipungua, sahani zinateleza na gari linakosa nguvu.

Kwa hivyo mafuta hayo hayalainishi tu. Yanapitisha nguvu ya injini, yanabana sahani na yanaondoa joto. Ndiyo maana uchunguzi wote unaanzia kwenye mafuta.

HATUA ZA UCHUNGUZI

1. Uliza maswali. Tatizo lilianza lini? Hutokea gari likiwa baridi au likiwa moto? Ni gia zote au moja? Kuna mtu aliyeshika injini hivi karibuni? Mzee alimhoji baba kama daktari anavyomhoji mgonjwa.

2. Pima mafuta kwa njia inayofaa gari hilo. Kwa Toyota kama yetu, endesha kwanza hadi giaboksi ipate moto. Simama mahali tambarare, vuta hendibreki, acha injini iwake. Ukiwa umekanyaga breki, pitisha gia katika nafasi zote kuanzia P hadi L, kisha urudi P. Hapo chomoa kijiti, kipanguse, kirudishe hadi mwisho, kichomoe tena usome alama za moto.

Hapa ndipo siri ilipofichuka. Injini ikiwaka, pampu huyavuta mafuta mengi hadi kwenye konvata na njia zake, kwa hivyo sinia hupungua. Ukizima, sehemu ya mafuta hurudi chini na kijiti kinaonyesha mengi kuliko ukweli. Yule fundi wa kwanza alipima injini ikiwa imezimwa! Magari mengi ya Honda hupimwa hivyo, mara tu baada ya injini kuzimwa, lakini Toyota yetu sivyo. Mzee alipopima injini ikiwaka, kijiti kilitoka kikavu hata kwenye alama ya chini.

Vituko vyote vikawa na maelezo. Kwenye kona mafuta machache yalikimbilia upande mmoja, pampu ikavuta hewa, sahani zikaachia. Asubuhi mafuta yakiwa baridi hunywea, kiwango kikashuka zaidi, ndipo gari likachelewa kuitikia.

3. Tazama rangi, kisha nusa. Dondoshea tone kwenye karatasi nyeupe. Mafuta mazuri huwa mekundu. Yakiwa ya kahawia iliyokolea na kunuka kama kitu kilichoungua, sahani zimeungua. Yakiwa kama maziwa ya waridi, maji yameingia, pengine kutoka kwenye rejeta, kwa sababu katika magari mengi mafuta hayo hupozwa ndani ya rejeta. Ukiona vipande vya chuma vinavyong'aa, hapo kweli kuna msiba ndani. Yetu yalikuwa yamefifia kidogo, lakini hayakunuka.

4. Tafuta yanakovuja. Mafuta ya giaboksi hayaungui kama ya injini. Yakipungua, yametoka mahali. Chungulia sinia la chini, sili za ekseli, na mipira miwili inayopeleka mafuta kwenye rejeta. Nilimulika tochi, na mimi mwenyewe ndiye niliyeona: mpira mmoja ulikuwa umepasuka karibu na klipu, na chini yake vumbi limegandamana na mafuta mekundu.

5. Hesabu muda. Gari likiwa moto, na breki zote zimekazwa, toa gia kutoka N hadi D na uhesabu hadi uhisi mshtuko mdogo. Kwa Toyota za wakati huo isizidi sekunde 1.2, na kutoka N hadi R isizidi 1.5. Ikizidi, nguvu ya mafuta ni dhaifu au sahani zimelika.

6. Kagua kebo ya mafuta. Magari mengi ya zamani yana kebo inayotoka kwenye injini hadi giaboksini, kuieleza giaboksi umekanyaga kiasi gani. Ikilegea, gia hubadilika mapema mno na kwa ulegevu. Ikikazwa kupita kiasi, hubadilika kwa kuchelewa na kwa kishindo. Kuirekebisha ni kazi ya dakika chache.

7. Tazama taa ya O/D OFF kwenye dashibodi. Katika magari mengi ya Toyota ya miaka ya 1990 yenye giaboksi inayoongozwa na kompyuta, taa hiyo ikimetameta yenyewe, kompyuta imeona hitilafu ya umeme. Huenda ni solenoidi au kihisio cha mwendo tu, wala si giaboksi nzima.

8. Jaribio la stoli liwe la mwisho. Hapa unakanyaga breki kwa nguvu zote, unatia D, kisha unakanyaga mafuta hadi chini uone injini itafikia mizunguko mingapi. Isizidi sekunde 5, na asisimame mtu mbele wala nyuma ya gari. Mizunguko ikipita kipimo cha gari hilo katika D na R, nguvu ya mafuta ni ndogo. Ikipita katika D peke yake, sahani za mbele zinateleza. Ikiwa chini ya kipimo, huenda injini ni dhaifu au konvata ina kasoro. Jaribio hili huchemsha mafuta sana, kwa hivyo tusilijaribu wanafunzi. Mzee mwenyewe hakulifanya kwa gari letu. "Jibu tumeshapata," alisema, "ya nini kulitesa?"

MATOKEO

Mzee alibadilisha mpira na klipu mbili. Kisha akaongeza mafuta ya aina iliyoandikwa kwenye kijiti, kidogo kidogo, akipima kila mara, kwa sababu kuzidisha nako ni kosa: mafuta hupata povu, na povu halina nguvu. Yaliingia lita moja na nusu. Tulilipa shilingi 3,200, kazi na vifaa. Jioni ile gari lilipanda hadi Wundanyi bila kuachia hata kona moja. Baba alianza kupiga mluzi. Nami nilirudi shuleni siku ya kufungua.

Sisemi kwamba giaboksi hazifi. Mzee alituonya kwamba tungeendelea hivyo wiki chache, sahani zingeungua, na hapo maneno ya fundi wa kwanza yangekuwa kweli. Wala simcheki fundi huyo. Alikuwa na kanuni moja aliyoizoea, akaitumia kila mahali. Nasi darasani hufanya vivyo hivyo: tunakariri fomula, tunaibandika kwenye kila swali, halafu tunashangaa alama zikipotea.

Basi gari la nyumbani likianza vituko, anza na kilicho rahisi na cha bei ndogo, umalizie na kilicho kigumu na cha bei kubwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini pia usibomoe ukuta mzima kwa sababu ya ufa.

JIPIME

1. Kwa nini kijiti cha Toyota yetu kilidanganya injini ilipozimwa?
2. Gari linateleza kwenye kona tu. Utachunguza nini kwanza?
3. Mafuta ya giaboksi yana rangi ya maziwa ya waridi. Maji yametoka wapi?

Atakayeshindwa anitafute bwenini baada ya preps. Tochi ninayo.