Kuku wetu na baridi ya mwezi wa sita

Ndugu wanafunzi, hapa Lubumbashi tuko juu kwa meta 1200 hivi, na usiku wa mwezi wa sita na wa saba baridi inaweza kupita chini ya digri 10. Wengi kati yetu minervali inatoka kwa kuku wa nyumbani. Basi somo hili si la mchezo.

Watu wanafanya nini? Wanaziba matundu yote ya nyumba ya kuku, wanaingiza mbabula ya makala. Hapana! Hewa mbaya ya makala haionekani, na inaua kuku, inaua hata mtu. Tena kuku mkubwa hana lazima ya moto. Mwili wake una joto la digri 41 hivi, na usiku anavimbisha manyoya, hewa inakaa ndani kama blanketi. Adui wake ni unyevu. Penye kufungwa kabisa, pumzi na mavi yao vinalowesha manyoya, na harufu ile inachoma macho na mapafu.

Ziba upande wa upepo tu, mpaka kupita vichwa vyao wakilala. Juu, karibu na paa, acha wazi. Chini tandika vumbi kavu la mbao. Mti wa kulalia uwe mpana, kuku afunike vidole vyake. Mahindi uwape jioni, juu chakula kikisagwa tumboni kinatoa joto usiku.

Vifaranga ni mambo mengine: juma la kwanza wanataka digri 32 mpaka 35, yaani chini ya mama yao. Na chanjo ya Newcastle ifanyike mbele baridi haijaanza, maana ugonjwa ule unapenda kiangazi.