Dondoo muhimu: Mwanafunzi wa Kirumba, mezani ugenini

Unaondoka Mwanza kwenda chuo Dodoma au Dar es Salaam? Ladha ya nyumbani utaikumbuka mapema. Jiandae hivi:

• Pitia soko la samaki la Mwaloni. Chagua dagaa wakavu, wanaong'aa, wasio na mchanga. Toa vichwa, osha kwa maji ya moto, kausha, kisha kaanga mpaka wavunjike wakibanwa. Waache wapoe kabisa ndipo ufunike kopo. Wakifungwa wakiwa na joto hupata unyevu na kuota ukungu.

• Beba matobolwa. Viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa havichachi njiani, na vinashibisha.

• Stendi, kula cha moto. Chagua chakula kinachotoka jikoni mbele yako. Kilichopoa siku nzima kiache.

• Onja cha wenyeji. Dodoma kuna ugali wa uwele kwa mlenda. Pwani, samaki wa kupaka kwa nazi. Usikidharau kwa sababu si sato wa mama.

• Jifunze kabla ya kuondoka. Simama jikoni na mama, mpikie mwenyewe mara moja. Mapishi hayo ndiyo mzigo usiolipiwa nauli.