Joto la injini ya pikipiki: usilizibe kabla hujajua linatoka wapi

Msimu wa kuvuna vitunguu ukifika, wengi hawaniulizi tena mambo ya mbolea, wananiuliza usafiri. Swali moja limerudi mara nyingi: "Afisa, nikitoka Mang'ola na mzigo kupanda Karatu, mguu wa kulia unaungua mpaka naendesha nimetanua goti. Nifanyeje?"

Usiseme hilo ni la fundi tu. Pikipiki kwako ni kitendea kazi kama ilivyo pampu ya maji. Pistoni ikikamata katikati ya kilima, matenga ya nyanya yanabaki juani, na dalali akikuona umekwama hana huruma, anashusha bei hapo hapo. Halafu anayeendesha ametanua goti hana mhimili mzuri, na barabara zetu mnazijua.

Kwanza tuelewane. Hizi Boxer na TVS tunazotumia zinapozwa na hewa. Nguvu iliyomo kwenye petroli, kama robo hivi tu ndiyo inayofika kwenye tairi. Iliyobaki karibu yote ni joto, na linatoka kupitia ekzosi na yale mapezi ya chuma yanayozunguka silinda. Kwa hiyo joto kiasi ni la kawaida. La kutafutiwa sababu ni lile lililoongezeka: mwezi uliopita halikuwepo, leo lipo, na njia ni ile ile.

Anza na mapezi. Ukipita vumbi la Mang'ola, kisha tope la mfereji wa umwagiliaji, kinachoganda pale kati ni udongo mkavu uliochanganyika na oili. Ni sawa na kuivalisha injini koti. Ikiwa imepoa kabisa, sugua kwa brashi na maji ya sabuni. Nasisitiza imepoa, maana nawaona vijana wanasimama mtoni na kuimwagia maji ya baridi injini inayochemka. Chuma cha moto kikipozwa ghafla kinaweza kupinda au kupasuka. Isimamishe kivulini, iache.

Na yale maturubai mnayofunga kwenye gadi ya mbele kuzuia baridi ya Karatu ya Juni na Julai, sawa, huku juu yanasaidia. Lakini unapoteremka bonde la Ziwa Eyasi yafungue. Yanaziba hewa ile ile inayotakiwa kupoza silinda.

Oili ikipungua, joto linapanda haraka. Pima pikipiki ikiwa imesimama wima mahali tambarare, usipime imeegemea stendi ya pembeni. Kwa pikipiki za cc 100 hadi 150 utakuta wengi wanatumia 20W-40 au 20W-50, ila kitabu cha pikipiki yako ndicho kiamuzi. Usichukue oili ya gari dogo kwa sababu tu ni bei nafuu. Klachi ya pikipiki inakaa ndani ya oili hiyo hiyo, na ikianza kuteleza, nayo inatengeneza joto lake.

Sasa jambo ambalo naona linaumiza wengi: kumwambia fundi "nipunguzie mafuta" ili pikipiki isile sana. Anakaza kabureta, petroli inakuwa kidogo na hewa nyingi, moto ndani ya silinda unakuwa mkali. Fungua plagi uitazame. Ikiwa na rangi ya kahawa iliyokaangwa kidogo, uko vizuri. Ikiwa nyeupe kama chaki, injini inaungua, na hicho ulichookoa kwenye petroli utakilipa kwenye pistoni. Ukimwona fundi kwa hilo, mwambie apime na nafasi ya valvu, ila aipime injini ikiwa baridi. Basi mpelekee asubuhi.

Mzigo nao. Ukipakia lumbesa nyuma na tenga juu yake, mzigo unakusukuma mbele mpaka unakalia tangi na magoti yanagusa silinda. Hapo hata injini nzima itakuunguza. Gawa safari mbili au changieni Fuso na wenzako. Na kwenye kupanda, rudisha gia mapema. Kuilazimisha gia ya nne huku injini inatetemeka ni kuipika: inafanya kazi kubwa, na kwa mwendo ule wa taratibu hewa inayopita ni kidogo.

Ukishamaliza hayo ndipo utengeneze kinga. Mwambie mchomeleaji akukatie bati la alumini lifuate umbo la bomba la ekzosi, alifunge kwa klampu na kuacha nafasi ya upana wa kidole kati yake na bomba. Kinachokukinga ni hiyo hewa ya katikati. Bati likigusana na bomba litakuwa la moto kama bomba lenyewe. Kufunga mpira wa tyubu au gunia, hapana kabisa. Vinashika moto, na nyuma yako kuna dumu la petroli la pampu.

Vaa jinzi au suruali nzito ya pamba. Suruali ya traki ikigusa ekzosi inayeyuka na kunata kwenye ngozi, na buti la mvua nalo linayeyuka. Chuma cha nyuzijoto 70 tu kinatosha kuunguza ngozi ndani ya sekunde moja hivi, na ekzosi inazidi hapo mbali sana. Ukiungua, weka mguu kwenye maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno acha kwa ajili ya meno. Ngozi ikitoka malengelenge makubwa au ikawa nyeupe, nenda zahanati siku hiyo hiyo, vitunguu vitasubiri.